Saa za Mwanafunzi wa Mwaka wa Kwanza

Katika vyuo vikuu vya Tanzania, kazi ya muda, yaani kazi ya malipo anayoifanya mwanafunzi kwa saa chache za siku au siku chache za juma huku akiwa amesajiliwa kwa masomo ya kutwa, imekuwa sehemu ya kawaida ya maisha ya chuo bila kuwahi kuwa sehemu ya mpango wa chuo. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ambao huripoti mwishoni mwa Oktoba au Novemba wakiwa na masanduku yao na barua za udahili, baada ya majuma machache tu huwa wamekwisha kuonekana nyuma ya kaunta za maduka ya kuchapa na kutoa nakala, katika vibanda vya uwakala wa fedha za simu, kwenye vituo vya tuisheni vya jioni, au wakiuza nguo na vipodozi kwa kuweka picha zake kwenye simu. Watu wazima wanapolijadili jambo hili hulifanya kuwa suala la tabia: kijana huyu ana bidii, au ameingiwa na tamaa ya pesa mapema? Swali hilo limekosa shabaha. Kinachoamua kama kazi itamjenga mwanafunzi au itamvurugia masomo ni nani anayezipanga saa zake, na kwa sasa saa hizo zinapangwa na mwenye duka, na mwenye kibanda, na ratiba ya daladala, lakini hazipangwi na chuo kilichomdahili.

Nchi hii haikuanza na ukimya huo wa vyuo kuhusu saa za mwanafunzi. Chuo kilichozaliwa mwaka 1961 kama tawi la Chuo Kikuu cha London, kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha kikasimama peke yake kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970, kilikuwa tangu mwanzo uwanja wa mabishano makali kuhusu uhusiano wa kusoma na kufanya kazi. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, yaliyowataka watoe sehemu kubwa ya mishahara yao katika kipindi cha utumishi huo. Rais Julius Nyerere aliwafukuza zaidi ya 300 kati yao, na siku hiyo hiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi mitano baadaye, Machi 1967, ukatoka waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, uliotaka kila shule iwe pia mahali pa uzalishaji, mwanafunzi ashike jembe na kalamu pamoja. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likafika mbali zaidi, kwa kufuta utaratibu wa kuingia chuo kikuu moja kwa moja kutoka kidato cha sita: kijana alitakiwa kwanza alitumikie Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, na alete pendekezo kutoka mahali alipofanyia kazi.

Mpango huo ulikuwa na kasoro zake, hasa katika fani za sayansi na uhandisi ambazo zilikosa waombaji wa kutosha, na katika miaka ya 1980 uliachwa. Hata hivyo ulikuwa na jambo moja ambalo limepotea kabisa, nalo ni kwamba dola ilitamka waziwazi wakati wa kazi na wakati wa masomo, ikavitenganisha, na ikabeba dhamana ya uamuzi wake. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa enzi ile alikuwa mtu aliyekwisha kufanya kazi. Alipoketi darasani hakuwa na mwajiri anayemsubiri saa kumi jioni.

Mgeuko ulikuja na sera ya uchangiaji wa gharama, yaani utaratibu uliomtaka mwanafunzi na familia yake kubeba sehemu ya gharama za elimu ya juu ambazo awali zilibebwa na serikali peke yake, na ambao ulianza kutekelezwa kwa awamu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 ikaunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza shughuli zake mwaka 2005, na tangu hapo mwanafunzi amekuwa mdaiwa wa baadaye: akiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hukatwa hadi deni liishe. Hakuna kifungu katika mpangilio huo kinachosema kwamba mwanafunzi atafanya kazi akiwa masomoni. Lakini pengo kati ya kile anachopewa na kile anachohitaji limeachwa wazi, na pengo la aina hiyo huzibwa na mwenye njaa. Kazi, ambayo Azimio la Musoma liliiingiza chuoni kwa mlango wa mbele ikiwa na tarehe na masharti, imerudi kwa mlango wa uani bila masharti yoyote.

Ukubwa wa pengo hilo unahitaji kuelezwa kwa utulivu, kwa sababu wako wanaoamini kwamba mwanafunzi mwenye mkopo hana sababu ya kuhangaika. Fedha ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi wote huijua kwa jina la bumu, ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku kwa miaka kadhaa kabla ya kupandishwa hadi shilingi 10,000. Kwa mwanafunzi aliyepata kitanda katika bweni la chuo, kiasi hicho kinaweza kumfikisha mwisho wa kipindi akijibana. Kwa aliyekosa bweni ni habari nyingine, kwa maana shilingi hizo hizo elfu kumi ndizo zinazolipa kodi ya chumba Changanyikeni au Sinza jijini Dar es Salaam, ambako wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na ndizo zinazolipa nauli, umeme, maji, sabuni na kitoweo. Mabweni 20 yaliyofunguliwa Mlimani, kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 2017 yenye nafasi ya wanafunzi 3,840 yalileta nafuu ya kweli, na bado ule utaratibu wa kubebana, ambapo mwenye kitanda humkaribisha asiye nacho na wakalala wawili godoro moja, haujafa.

Zaidi ya kiasi, kuna suala la wakati. Majina ya waliopangiwa mikopo hutangazwa kwa awamu, na baada ya awamu hufuata dirisha la rufaa kwa wale wasioridhika, hivyo kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuhudhuria majuma ya mwanzo ya masomo akiwa hajui kama atapata mkopo, wala atapata asilimia ngapi. Wa mwaka wa pili na wa tatu wana uzoefu na marafiki wa kuwakopa, yeye hana. Ndiyo maana yule anayestahili kulindwa kuliko wote ndiye hasa anayejikuta akitafuta kibarua mapema kuliko wote, na kwa kuwa anakitafuta kwa haraka, hukipokea kwa masharti yoyote atakayopewa.

Kwa upande wa pili wa mizani yako masomo yenyewe, na hapa inafaa kufanya hesabu ambayo wazazi wengi hawajawahi kuonyeshwa. Shahada ya kwanza ya miaka mitatu hupimwa kwa krediti zisizopungua 360, ambazo ni sawa na krediti 120 kwa mwaka. Krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, zikijumlisha mihadhara, semina, maabara, usomaji wa binafsi na maandalizi ya mitihani. Jumla yake ni saa 1,200 kwa mwaka, na zikigawanywa katika majuma 30 hivi ya masomo zinatoa saa 40 kwa juma. Mwanafunzi wa kutwa, kwa hesabu ya chuo chenyewe, tayari ana kazi ya kutwa. Saa 15 za mihadhara na semina zinazoonekana kwenye ratiba, ambazo humfanya mwenye duka aseme kwamba kijana huyu yuko huru kuanzia saa nane mchana, ni sehemu ndogo tu ya kazi hiyo. Saa 25 zilizobaki hazina kengele wala mwalimu wa zamu, na zikiibwa hakuna anayezililia hadi matokeo yatoke.

Kijana anayekabidhiwa saa hizo zisizo na kengele ametoka wapi? Kwa kawaida ametoka shule ya bweni, ambako kuamka, kula, kusoma jioni na kulala viliamuliwa na mtu mwingine, na huenda kati ya Juni na Septemba alipitia kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambako hata kukaa na kusimama kulikuwa na amri yake. Kujipangia juma zima ni stadi ambayo hajawahi kufundishwa, na muhula wa kwanza ndio darasa lake. Vincent Tinto, mwanasosholojia wa Marekani aliyechunguza kwa nini wanafunzi huacha chuo, alijenga tangu mwaka 1975 hoja kwamba kubaki au kuondoka hutegemea sana namna mwanafunzi anavyoungana na chuo katika pande mbili, upande wa taaluma na upande wa jamii ya chuo, na kwamba miezi ya mwanzo ni ya hatari kuliko mingine. Hoja hiyo ilizaliwa katika mazingira mengine, lakini yeyote aliyewahi kumwona mwanafunzi anayefika darasani dakika moja kabla ya mhadhara na kutoka dakika moja baada yake, asiyemfahamu hata mwenzake mmoja wa kundi la semina, atakiri kwamba inawahusu pia wanaosoma Mlimani, Mzumbe au Dodoma.

Duka la kuchapa lililo karibu na lango la chuo linaonyesha mambo haya yote kwa pamoja. Usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi za darasa, foleni huwa ndefu: mmoja ana faili kwenye flashi, mwingine ametuma kwa simu, wa tatu amekuja na karatasi za mkono na anataka zichapwe upya, ziwekwe jalada na kubanwa kwa springi. Anayewahudumia ni mwanafunzi mwenzao wa mwaka wa kwanza, anayelipwa kwa siku, ambaye katika saa tano atachapa kazi za kozi ileile anayosoma yeye, atarekebisha kurasa za wengine, ataandika majina yao na namba zao za usajili kwenye majalada, na kufunga duka saa nne usiku huku kazi yake mwenyewe ikiwa na aya mbili. Kesho yake ataikusanya ikiwa nusu. Kazi za darasa na majaribio ya katikati ya muhula, ambavyo katika kozi nyingi huchukua takriban asilimia 40 ya alama zote, huanza kummomonyokea hivyo, kidogo kidogo, na anapoingia kwenye mtihani wa mwisho huwa anahitaji alama ambazo hata mwanafunzi asiye na kibarua angezipata kwa jasho. Akianguka hufanya mtihani wa marudio, ambao wenyewe huuita sapu. Wastani wake ukishuka chini ya kiwango cha chini kilichowekwa huondolewa masomoni, jambo ambalo kwa lugha yao ni kudisko. Na kwa kuwa mkopo huendelea kwa sharti la kufaulu kuingia mwaka unaofuata, mwanafunzi aliyeingia kazini ili kufidia upungufu wa mkopo anaweza kuupoteza mkopo wenyewe kwa sababu ya kazi hiyo.

Duka hilo linaonyesha jambo jingine, dogo kwa sura lakini zito. Katika majuma ya mwanzo ratiba haikai mahali pamoja: mhadhiri amesafiri, ukumbi umechukuliwa na kozi nyingine, semina ya Jumanne inahamishiwa Jumamosi asubuhi, na taarifa hutumwa na kiongozi wa darasa usiku kwenye kundi la simu. Mwanafunzi asiye na kibarua hulalamika, kisha akahudhuria. Mwenye kibarua anapaswa kumpigia mwajiri usiku huohuo kuomba ruhusa ya zamu ya Jumamosi, ambayo ndiyo siku yenye wateja wengi, na akiomba mara ya pili ataambiwa kwamba nafasi yake amepewa mwingine.

Je, sheria humsaidia? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ni sheria nzuri kwa mtu mzima mwenye kazi moja. Inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa juma, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi, na inaagiza nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa inayofanywa usiku, yaani kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka viwango hadi vya saa moja moja kwa kila sekta, jambo ambalo ni silaha kwa mfanyakazi wa saa chache kama angelijua. Hata hivyo kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haimhusu mtu aliyefanya kazi kwa muda usiofika miezi sita, na muhula wa chuo ni mfupi kuliko miezi sita. Mwanafunzi anayekwenda nyumbani likizo na kurudi kwa mwajiri mwingine anaweza kumaliza shahada yake nzima bila kuigusa kinga hiyo hata siku moja. Kikomo cha saa 45 nacho hakina maana kwa mtu ambaye tayari ana saa 40 za masomo.

Wasichana hubeba mzigo wa ziada unaopaswa kutajwa bila kuzungukwa. Kazi za jioni zinazowapokea kwa urahisi, za kuhudumu katika kumbi za sherehe, baa na matukio ya matangazo ya biashara, huishia saa ambazo usafiri ni wa shida, na malipo yake mara nyingi hushikiliwa mikononi mwa mtu mmoja anayeamua nani aitwe tena. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, inamtia hatiani mwenye mamlaka anayetumia nafasi yake kudai ngono ili atoe ajira au haki nyingine. Ni vigumu kumtarajia binti wa miaka 19, asiye na mkataba, aliyefika mjini miezi miwili iliyopita, akifungue kifungu hicho peke yake.

Kutokana na hayo yote wapo wanaopendekeza katazo, na wanaweza kutoa mfano wa Chuo Kikuu cha Cambridge, ambacho huwazuia wanafunzi wake wa shahada ya kwanza kufanya kazi za malipo wakati wa muhula. Katazo la namna hiyo lina uzito pale tu penye mikopo na ruzuku za kutosha kumtunza mwanafunzi. Kumkataza kazi mtoto wa mkulima wa Kibondo aliyepangiwa sehemu tu ya mkopo ni kumwambia arudi kwao, na makala hii haiwezi kulikubali hilo hata kidogo. Tena kazi ina manufaa yasiyo ya kubezwa: inamfundisha kijana kusema na mteja, kutunza hesabu, na kuheshimu shilingi, na wengi huitumia kumlipia mdogo wao madaftari na sare. Mchango huo unastahili heshima, si mahubiri ya kuupinga.

Njia iliyo bora ni chuo chenyewe kuwa mwajiri wa kwanza wa wanafunzi wake wa mwaka wa kwanza. Hakuna mwajiri mwingine anayeijua ratiba yao, anayeweza kuibadilisha zamu siku semina inapohamishwa, na anayepata hasara yeye mwenyewe mwanafunzi anapodisko. Utaratibu huo una mifano ya muda mrefu. Chuo cha Berea katika jimbo la Kentucky, Marekani, ambacho hakijatoza ada tangu mwaka 1892, humtaka kila mwanafunzi afanye kazi saa zisizopungua 10 kwa juma ndani ya chuo, kuanzia maktaba hadi bustani. Serikali ya Marekani ilianzisha mwaka 1964 mpango wa kuchangia ujira wa wanafunzi wahitaji wanaofanya kazi za saa chache vyuoni, na mpango huo unaendelea hadi leo. Mtafiti Alexander Astin, katika kazi yake kubwa iliyochapishwa mwaka 1993, alikuta kwamba kazi ya saa chache ndani ya chuo inaambatana na mwanafunzi kudumu masomoni, ilhali kazi ya kutwa nje ya chuo inaambatana na kinyume chake. Jambo hilo halishangazi: anayepanga vitabu maktabani hujua vitabu viko wapi, hufahamiana na wakutubi, na akimaliza zamu yake yumo mahali pa kusomea, hana daladala mbili za kupanda.

Itasemwa kwamba vyuo vya Tanzania havina fedha. Kazi, hata hivyo, zipo na zinalipiwa. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyofunguliwa Novemba 2018, ina nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja, na vitabu vyake havijirudishi rafuni vyenyewe. Maabara za kompyuta zinahitaji waangalizi, ofisi za usajili zinafurika mafaili kila Oktoba, na migahawa, usafi na utunzaji wa bustani hutolewa kwa wazabuni ambao huajiri watu wao. Chuo kinaweza kuweka sharti ndani ya zabuni kwamba sehemu ya saa za kazi itengewe wanafunzi waliothibitishwa na Bodi ya Mikopo kuwa wahitaji, kwa zamu zisizozidi saa mbili au tatu, kwa ujira usiopungua kima cha saa kilichowekwa na amri ya mishahara. Si lazima shilingi mpya itafutwe ili jambo hilo lianze.

Kuhusu kiasi cha saa, nchi zinazowapokea wanafunzi wa kigeni, wakiwemo Watanzania, zimelazimika kutaja namba: Uingereza kwa kawaida ni saa 20 kwa juma wakati wa muhula, na Canada tangu Novemba 2024 ni saa 24. Namba hizo zimewekwa kwa watu wa miaka yote ya masomo, na kwa mwaka wa kwanza ni nyingi mno. Saa 10, na zianze baada ya juma la nane la muhula wa kwanza, wakati ratiba imetulia na majaribio ya kwanza yamerudi, ndicho kipimo kinachoweza kutetewa mbele ya hesabu ya saa 40. Katika majuma hayo manane mhitaji asiachwe mikono mitupu. Malipo ya mwanzo kwa wote waliopangiwa mkopo yanapaswa kuwafikia kabla ya siku ya kuripoti, na anayesubiri awamu inayofuata apewe chakula cha chuo kwa karatasi ya deni itakayokatwa bumu likiingia.

Likizo ndefu ni suala jingine, na hapo chuo kinaweza kulegeza kamba kabisa, kwa sababu mwezi wa Agosti hauna semina ya kuhamishwa na mwanafunzi asiye kwenye mafunzo kwa vitendo anaweza kufanya kazi ya kutwa kama mtu mwingine yeyote. Ugumu wote umekusanyika katika zile wiki 30. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, wakati ambapo vyuo vya umma huandaa na kuhuisha mikataba ya huduma, na wanafunzi wapya huwa bado hawajafika. Kifungu kuhusu saa za wanafunzi kinaweza kuandikwa katika mikataba ya mwaka huu, na maofisa manunuzi wa vyuo hawahitaji idhini ya Bunge kukiandika.